KUPIMA MIKOKO NA MAJI YA RUFIJI KWA PICHA ZA ANGANI

Somo la tisa katika masomo ya watu wazima juu ya Ardhi, Miti na Maji. Maneno kama yalivyosemwa katika redio. Vikundi vya kusikiliza viwe na karatasi, kalamu na rula.

Juma lililopita tulizungumza habari za mnyororo wa mpimaji, tukaona jinsi mtu awezavyo kulipima shamba lake kwa kulizunguka kwa miguu. Leo twaingia mahali ambapo mnyororo haufai kitu. Twaingia katika mikoko ya delta ya Rufiji.

Ninyi mliozaliwa Nyamisati, Salale au Mbwera hamna haja ya kuelezwa mahali hapo palivyo. Lakini wenzenu wa Iringa na Tabora wanasikiliza pia, na kwa ajili yao nitasema kidogo. Mto Rufiji hukusanya maji yake katika eneo la kilometa za mraba 177,000 hivi, yaani karibu sehemu moja katika tano ya Tanzania Bara. Maji ya Kilombero, ya Ruaha Mkuu na ya Luwegu yote huingia humo. Mto ukikaribia bahari, mkabala wa kisiwa cha Mafia, haushuki kwa mlango mmoja. Hugawanyika matawi mengi, na katikati ya matawi hayo ni matope, na juu ya matope imeota mikoko. Msitu huo ulihesabiwa kuwa na hekta 53,000 hivi. Mikoko yote ya Tanzania Bara ilipohesabiwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa hekta 115,000 hivi. Basi karibu nusu yake ilikuwa Rufiji peke yake.

Sasa fikirini mtu aliyepewa kazi ya kuupima msitu huo. Aingia na mtumbwi. Maji yakiwa yamejaa, apita juu ya ardhi asiyoiona. Maji yakipwa, mtumbwi wakwama, naye hushuka akazama matopeni mpaka magotini. Mizizi ya mkoko imesimama mbele yake kama miguu ya kaa. Akienda ndani hatua ishirini, haoni tena bahari, wala haoni mwenzake aliyeshika ncha ya pili ya mnyororo. Jioni atakuwa amepima kipande kidogo cha kutia huruma, na kesho yake atakuwa amechoka.

Mtu huyo aweza kukwambia habari za mti mmoja kwa ukamilifu: jina lake, unene wake, gome lake kama lina ugonjwa. Hawezi kukwambia msitu mzima umekaaje. Mtu aliye juu angani ni kinyume chake. Huuona msitu mzima, lakini hajui jina la mti hata mmoja. Somo letu la leo lahusu jinsi watu hawa wawili wanavyohitajiana, na hasara inayopatikana mmoja wao anapoachwa nyuma.

Ndege iliruka juu ya delta hii mapema kuliko wengi wadhanivyo. Mwezi wa Septemba 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha ikaenda kujificha katika matawi ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza zilikaa nje baharini zisiweze kuingia, kwa kuwa maji ni haba na milango ni mingi. Ikabidi ziletwe ndege. Manowari ikaonekana kutoka angani, na mwaka 1915 ikapigwa na picha. Tarehe 11 Julai mwaka huo iliangamizwa kwa mizinga ya meli mbili zisizohitaji kina kirefu, huku watu wa ndege zilizotoka Mafia wakiwaonyesha wapigaji mahali risasi zao zinapoangukia. Sikuleta habari hii kwa kusifu vita. Nimeileta kwa sababu yaonyesha jambo moja wazi: mikoko iliyoweza kuificha meli nzima isionekane na watu wa baharini haikuweza kuificha isionekane na mtu aliyepita juu.

Watu wa misitu hawakukawia kuona faida yake. Mwaka 1924 misitu ya delta ya mto Irrawaddy, katika nchi ya Burma, ilipimwa kwa picha za angani. Katika nchi zetu kazi kubwa ilianza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 Waingereza waliunda idara ya kupima makoloni yao, mkuu wake akiwa Martin Hotine, na kikosi cha 82 cha jeshi lao la anga kikatumwa Afrika na ndege za Lancaster. Ndege hizo zilikuwa zimetengenezwa kwa kutupa mabomu. Sasa zilifungwa kamera. Ramani nyingi za kipimo cha 1 kwa 50,000 ambazo wazee wetu walizikuta katika maofisi ya wilaya zilitokana na picha za namna hiyo.

Basi picha hizo hupigwaje? Kamera hufungwa juu ya tundu katika sakafu ya ndege, ikatazama chini wima. Rubani huenda moja kwa moja kama mtu alimaye kwa plau. Akifika mwisho wa shamba hugeuka, akarudi kandokando ya mfuo wa kwanza. Wakati huo kamera hupiga picha, ikapumzika kidogo, ikapiga tena. Wala picha hazipangwi kama vigae vya sakafu, kimoja kianzie pale kingine kilipoishia. Kila picha hurudia sehemu ya picha iliyoitangulia, kiasi cha asilimia 60, na kila safu huilalia safu jirani kiasi cha asilimia 30. Mtu wa hesabu za fedha atasema huo ni ubadhirifu wa filamu. Si ubadhirifu, na sababu yake mnaweza kuijaribu sasa hivi hapo mlipoketi.

Inua kidole kimoja mbele ya pua yako, karibu. Fumba jicho la kushoto, ukitazame kidole mbele ya ukuta. Sasa fumbua la kushoto, ufumbe la kulia. Kidole kimeruka upande, sivyo? Haya, kipeleke mbali kadiri mkono unavyofika, ufanye vilevile. Kimeruka tena, lakini kidogo. Kitu kilicho karibu na macho huruka sana. Kilicho mbali huruka kidogo. Ndivyo akili yako ijuavyo kuwa kikombe kiko karibu na mlango uko mbali, nawe hukuwahi kufundishwa.

Kamera ya ndege ina jicho moja tu, lakini jicho hilo husafiri. Mti mmoja huonekana katika picha mbili zilizopigwa mahali pawili, kama ulivyoonekana kidole kwa jicho la kushoto na la kulia. Kilele cha mti kiko karibu zaidi na ndege kuliko matope yaliyo chini yake, kwa hiyo kilele huruka zaidi. Mpimaji huziweka picha mbili chini ya chombo chenye lenzi mbili kiitwacho stereoskopu, jicho moja lione picha moja na la pili lione nyingine. Mara msitu uliokuwa bapa kama mkeka husimama. Miti mirefu huinuka, mito hushuka. Akiupima mruko huo kwa chombo, hupata urefu wa mti kwa meta bila kuupanda.

Sasa hesabu kidogo, na walimu waiandike ubaoni. Kipimo cha picha hupatikana kwa kugawanya urefu wa lenzi kwa kimo cha ndege. Lenzi ikiwa ya sentimeta 15, na ndege ikiruka meta 3,750 juu ya ardhi, kipimo ni 1 kwa 25,000. Sentimeta moja katika picha ni meta 250 katika nchi. Picha ya kawaida ya upimaji ina sentimeta 23 kila upande, basi hufunika meta 5,750 kila upande. Lakini kwa kuwa picha hurudiana, eneo jipya ambalo kila picha huongeza ni kama kilometa za mraba 9 na robo tu. Hekta 53,000 za mikoko ni kilometa za mraba 530. Gawanyeni, mtapata picha kama 57. Hizo zingetosha kama mikoko ingekaa mahali pamoja kama gunia la mpunga. Haikukaa hivyo. Imetawanyika kando ya kila tawi na kila kijito, kwa hiyo zahitajika nyingi zaidi. Hata hivyo linganisheni na yule mtu wetu wa mtumbwi! Ndege huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi, hali ya hewa ikikubali.

Na hapo pana mashaka, maana mambo matatu lazima yapatane: mawingu, jua na maji. Mawingu kila mtu anayajua. Ndiyo maana kazi hii hufanywa wakati wa kiangazi. Jua nalo likiwa chini sana, vivuli huwa virefu vikaifunika miti mingine; likiwa utosini, mng'aro wake hurudi kutoka majini ukaichoma picha. Jambo la tatu, la maji, watu wa bara hawalikumbuki kabisa. Katika mikoko, picha iliyopigwa maji yakiwa yamejaa haikuonyeshi mwisho wa matope wala mafungu mapya yanayoanza kuota miti. Bora ni wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa hata mwisho. Kwa bahati njema, katika pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia mnamo saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limepanda vizuri. Mvuvi yeyote angeweza kumwambia rubani hayo, na ingefaa aulizwe kabla ndege haijatiwa mafuta.

Tuseme sasa picha zimepatikana. Mtu wa misitu hutazama nini? Hutazama weusi na weupe, hutazama kama uso wa msitu ni laini au umekwaruza, hutazama umbo la vilele, na zaidi ya yote hutazama mti umeota wapi. Mlilana hupenda ukingo wa upande wa baharini, juu ya matope mapya, nao huwa na vilele vya mviringo vilivyoachana. Mkoko wenyewe, ule wenye magongo, hufuata kingo za vijito, ukawa msitu mzito. Mchu hustahimili chumvi nyingi, kwa hiyo utauona hata kandokando ya yale majangwa madogo ya chumvi yaliyo nyuma, pasipofikiwa na maji ila wakati wa bamvua. Msikundazi hupenda mahali ambapo maji matamu ya mto huchanganyika na ya bahari. Shikeni neno hilo la msikundazi, maana tutalirudia.

Iko pia filamu inayopokea miale ambayo jicho halioni, iliyo ng'ambo ya nyekundu. Katika picha nyeusi na nyeupe za filamu hiyo maji huwa meusi kama wino, na majani mabichi huwa meupe. Mpaka wa maji na mikoko, ambao katika picha ya kawaida huwa na utata, hapo huonekana kama umechorwa kwa kalamu.

Kwa upande wa maji, picha hizo husema mengi. Huonyesha tawi lipi ni pana na lipi limejaa mchanga. Huonyesha tope la mto likiingia baharini kama moshi, na upande linakoelekea. Huonyesha ziwa lenye umbo la mwezi mchanga, alama ya kuwa mto ulipita hapo zamani ukahama. Ninyi wa Dodoma na Singida mna mambo yenu pia: mto wa mchanga usio na tone la maji juu, lakini miti ya kingo zake ni mibichi mwezi wa Oktoba, au mstari wa miti uliokata mteremko wima kama uliopigwa kwa rula, ambao mara nyingi huonyesha ufa katika mwamba. Mahali kama hapo pafaa kuchunguzwa kabla ya kuchimba kisima. Nasema kuchunguzwa. Picha haijawahi kumpa mtu maji ya kunywa.

Nami nina kisa changu mwenyewe cha kueleza kwa nini mguu hauachwi nyuma. Nikiwa kijana katika kazi hii niliketi mezani na picha za delta, nikaona mahali pana rangi ya kijivu laini, bila vilele vikubwa, katikati ya msitu mzito. Nikaandika: mikoko michanga, inaota vizuri. Nilifurahi sana na maandishi yangu. Tulipofika pale kwa mtumbwi pamoja na mzee mmoja wa kijiji cha jirani, hapakuwa na mkoko hata mmoja. Palikuwa shamba la mpunga lililoachwa, limefunikwa na magugu na mimea itambaayo, visiki bado vimo. Mzee akaitazama picha, akaigeuza ili bahari ikae upande ulio bahari kweli, akaweka kidole juu ya doa langu, akaniambia shamba lilikuwa la nani, liliachwa masika ya mwaka gani, na kwamba kilichowafukuza ni kaa waliokata miche. Kisha akasogeza kidole, akasema jina la kijito tulichoandika katika ramani si jina lake. Nilikuwa nimekosea mambo mawili katika sentimeta tatu za picha.

Kwa sababu hiyo kila upimaji wa misitu ulio wa haki huchagua vipande vidogo katika picha, ukavifikia kwa miguu, ukahesabu miti, ukapima unene, ukauliza majina. Yale yanayopatikana katika vipande hivyo ndiyo hutumiwa kuyasoma mengine. Kazi kubwa ya namna hiyo katika pwani yetu ilifanywa kwa picha za mwishoni mwa miaka ya 1980, nayo ikazaa mpango wa kutunza mikoko ya Tanzania Bara uliotolewa mwaka 1991. Aliyeuandika ni Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanamama ambaye wapenda mikoko wa Afrika ya Mashariki hawajamsahau. Zile hesabu za hekta nilizowapa mwanzoni zatoka huko.

Sasa nafika mahali penye uzito. Katika delta ya kaskazini, mtu akitazama picha moja, huona matundu katika msitu. Matundu hayo ni mashamba ya mpunga. Mikoko imekuwa hifadhi ya serikali tangu zamani za Wajerumani, na kuikata bila ruhusa ni kosa. Basi atazamaye picha moja hukata shauri upesi: hapa pana waharibifu. Na ni kweli kuwa miti imekatwa, tena mingi imebanduliwa gome ili ikauke imesimama. Sitaki kuficha jambo hilo. Mikoko ikiondoka, kamba hawana mahali pa kukulia, kingo humong'onyoka, na boriti zilizojenga nyumba za pwani, na zilizosafirishwa kwa majahazi mpaka Uarabuni, hazipatikani tena.

Lakini chukueni picha mbili, moja ya kabla na moja ya baada. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya mafuriko makubwa, maji mengi ya Rufiji yaliyaacha matawi ya kusini yakafuata matawi ya kaskazini. Mto ulihama. Kusini, maji ya matawi yakazidi chumvi, na mpunga hauvumilii chumvi. Kaskazini, maji matamu yakafika mahali ambapo zamani hayakuwa mengi hivyo. Hapo ndipo penye msikundazi niliyewaambia mshike jina lake. Wakulima wa mpunga walifanya nini? Waliyafuata maji matamu, kama baba zao walivyoyafuata. Walipofika walikuta mikoko imesimama juu ya ardhi ambayo masika huisafisha chumvi, wakalima. Baada ya miaka michache magugu na kaa huwashinda, nao husogea mbele, na tundu jingine hutokea katika msitu.

Picha moja, basi, yaonyesha shoka. Picha mbili zaonyesha shoka na mto. Ugomvi wa wakulima na walinzi wa misitu katika delta hiyo umedumu miaka mingi, na sidhani kuwa picha zitaumaliza. Nasema tu kwamba hukumu iliyotolewa juu ya picha moja ni hukumu iliyosikiliza shahidi mmoja. Na huyo shahidi hakuingia matopeni.

Mtauliza: je, kazi hii ya ndege haijapitwa na wakati, kwa kuwa sasa kuna setilaiti? Setilaiti za Landsat zimepiga picha za dunia tangu mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 picha zake hutolewa bure kwa yeyote. Ni msaada mkubwa sana. Lakini alama ndogo kabisa katika picha nyingi za Landsat ni kipande cha meta 30 kila upande, na shamba la mpunga la mtu mmoja au kijito chembamba hupotea humo. Setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza kazi mwaka 2015, huona meta 10. Na vindege visivyo na rubani huruka chini, vikaona hata jani. Kule Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, vilitumiwa kupiga picha za Unguja na Pemba, na vijana wa huko huko wakivirusha. Hivyo kila chombo kina kimo chake. Ila ukitaka kujua nchi ilivyokuwa mwaka 1950, hakuna setilaiti itakayokusaidia. Ni zile filamu za zamani tu. Nyingi za zile zilizopigwa na idara ya Waingereza zimehifadhiwa Edinburgh, nchini Scotland, mbali sana na mtu wa Salale anayebishana juu ya mpaka.

Tena sasa kuna haja mpya ya kulinganisha. Huko juu ya mto, kwenye bonde lililojulikana kwa jina la Stiegler, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere. Lilianza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022, na umeme wa kwanza ukatoka mwaka 2024. Mitambo yake yote ni ya megawati 2,115. Bwawa kubwa hushika tope pamoja na maji, na delta hulishwa na tope. Je, mafungu ya mlilana yataendelea kukua upande wa bahari, au bahari itaanza kuyala? Mafuriko ya kila masika yatakuwaje? Mwezi wa Aprili 2024 watu wa Rufiji na Kibiti waliona maji mengi mno. Miaka yenye maji machache nayo itakuja. Mtu asiye na picha za kabla hataweza kusema lililobadilika ni lipi, wala kwa kiasi gani. Atabaki akisema zamani hapakuwa hivi, na mwenzake atamjibu ndivyo palivyokuwa siku zote.

Haya, kazi ya nyumbani. Chora mraba wa sentimeta 10 kila upande. Tia nukta kila sentimeta, safu kumi za nukta kumi, zote ndani ya mraba. Chukua picha yetu ya kipimo cha 1 kwa 25,000: kila nukta yawakilisha sentimeta moja ya mraba, nayo ni hekta 6 na robo. Juu ya nukta hizo chora umbo lolote la msitu upendalo, uhesabu nukta zilizoingia ndani. Huu ndio ufundi wote wa kupata hekta katika picha, na wapimaji waliutumia miaka mingi kwa karatasi iliyo angavu kama kioo. Swali la kwanza: katika picha ya zamani, msitu wa kijiji fulani ulifunika nukta 38, na katika picha mpya umefunika 30. Hekta ngapi zimetoweka? Mfano huu nimeutunga mimi, msiutafute katika ramani.

Swali la pili halina hesabu. Mwulizeni mzee mmoja au bibi mmoja wa mahali penu, aonyeshe mahali ambapo maji yalipita zamani na sasa hayapiti, au msitu uliokuwapo na sasa haupo. Andikeni jina la mahali hapo kama yeye anavyolitamka, si kama lilivyoandikwa katika kibao cha barabarani. Andikeni na sababu anayoitaja, hata kama mwalimu hakubaliani nayo. Walimu wakusanye karatasi na kuzileta kabla ya Ijumaa.

Juma lijalo tutatoka pwani tupande Uluguru, ambako milima huipinda picha, na kilele huonekana kimelala upande kama mtu mwenye usingizi. Tutaona jinsi ya kukinyosha. Kwaherini.